Kuta Ndogo za Mimea: Somo Tulilolipata Upare



Somo la safari hii ni refu kuliko ilivyo desturi ya gazeti letu, nasi twaomba mlisome mpaka mwisho, maana ndani yake mna habari za kitalu cha chama, ambazo kila mtu anazo kwa namna yake, na aliyezikosea zaidi kuliko wote ni sisi wa ofisini.

Mtakumbuka kwamba mwaka jana, baada ya mvua za vuli, miche ya mikarafuu katika kitalu ilinyauka kwa muda wa siku tatu, ikafa karibu nusu yake. Palisemwa mengi. Wako waliosema ni kile kifo cha ghafla kilichomaliza mikarafuu ya wazee wetu. Wako waliosema ni jicho la mtu. Sisi tukasema ni mzee wetu wa kitalu, kuwa amemimina maji kupita kiasi mpaka mizizi ikaoza. Tulimwamuru asimwagie tena hata kopo moja, na juma la pili tukamwandikia barua ya kumsimamisha kazi. Mwenyewe hakujibu neno. Alirudisha ufunguo wa stoo na mpira wa maji, akaenda zake.

Wakulima mnajua hasara ya namna hii. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi ghalani kama mahindi; hupandwa ikiwa mbichi, na ikikauka imekwisha. Aliyekosa mche msimu ule hakuwa na la kufanya ila kungoja msimu mwingine, na mti wenyewe huchukua miaka mitano, sita, hata saba na zaidi, kabla haujaanza kuzaa.

Basi sababu ya vifo vile tumeijua Upare, tulikokwenda kwa kazi nyingine kabisa.

Tulikuwa watu wanne, mwanamke mmoja na wanaume watatu, tumetumwa kutazama jinsi wakulima wa tangawizi wa wilaya ya Same wanavyojikusanya kuuza mazao yao. Habari za mauzo tutazileta katika toleo jingine. Tulivuka bahari mpaka Tanga, tukapanda basi: Korogwe, Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, mpaka Same mjini. Mtu wa Pemba aliyezoea kuona kijani kila upande hushangaa njia ile. Milima ya Upare imesimama mkono wa kulia kama ukuta mrefu. Mvua ya kutoka baharini huishia juu ya milima na upande wake wa pili, na huku chini kwenye barabara ni nchi kavu, miba, mibuyu, na mashamba ya mkonge.

Na hapo kwenye mkonge ndipo somo letu linapoanza.

Jani la mkonge hufika urefu wa mita moja na zaidi, nalo husimama wima kama upanga hata jua likiwa kali namna gani. Likikatwa hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona, ambayo huliponda na kulikwangua huku likimwagiwa maji. Nyama yote ya jani huchukuliwa na maji, zikabaki nyuzi nyeupe, ambazo huanikwa, hupigwa brashi, na kufungwa marobota. Katika kilo 100 za majani mabichi hutoka kilo 4 hivi za nyuzi kavu. Zote zilizobaki ni maji na nyama laini.

Kwa habari, mkonge si mti wa asili ya huku. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani, na vilipofika pwani ya Tanga mwaka 1893 vilikuwa vimebaki hai 62 tu. Kutoka katika hivyo 62 ndiyo ikaenea mikonge ya Tanganyika, ambayo baadaye ilikuwa ya kwanza duniani kwa wingi wa katani. Sisi tuliopoteza nusu ya kitalu tulijifariji kidogo kwa hesabu hiyo.

Sasa swali: nyuzi zile ni nini hasa? Mtu atajibu, ni mishipa ya jani. Jibu hilo si baya, lakini tuingie ndani zaidi. Kila kiumbe hai, mti, mbuzi, kuvu, au mtu, kimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Ni vidogo kiasi kwamba katika urefu wa milimita moja hupangika kumi, ishirini, hata mia kwa baadhi yake. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno, laini, kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa, lakini mwembamba kuliko huo mara nyingi sana. Seli ya mnyama hukomea hapo. Seli ya mmea, nje ya utando huo, hujijengea ukuta.

Ukuta huo hujengwa kwa kitu kiitwacho selulosi. Mmea huchukua sukari yake ulioitengeneza kwa jua, ukaunganisha chembe moja ya sukari na nyingine, maelfu kwa maelfu, ikawa uzi. Nyuzi nyingi zikalala pamoja zikawa kamba. Na kamba hizo zikazungushwa kuizunguka seli kama ukili unavyozungushwa katika mkeka, upande huu na upande ule. Kati ya kamba na kamba hutiwa vitu vya kugandisha, kimoja chao kikiitwa pektini. Ukuta una vitundu vidogo ambavyo kwavyo seli moja hupashana chakula na habari na jirani yake. Basi mmea ni nyumba nyingi zilizoshikana kuta.

Katika mkonge, seli za ule uzi huongeza ukuta wake kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka nafasi ya katikati inakuwa finyu kama tundu la sindano. Kisha seli yenyewe hufa, ukabaki ukuta. Kila moja ina urefu wa milimita chache tu, lakini maelfu yake yamegandamana ncha kwa ncha na ubavu kwa ubavu, ndiyo yakafanya uzi mmoja wa mita nzima. Kwa hiyo kamba inayofunga ngalawa ni kuta tupu za nyumba ambazo wenyewe walikufa zamani. Mtu wa kwanza kuona seli aliona jambo kama hilohilo: mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo, kile kinachotoka katika gome la mti, akakitazama kwa hadubini, akaona vyumba vidogo vilivyopangana, akavipa jina ambalo ndilo sisi tumelichukua tukasema seli. Alichokiona hakikuwa seli hai. Aliona kuta.

Na wake zetu wa pwani wanaijua kazi hii kabla ya korona kuletwa. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani kwenye tope la maji ya chumvi kwa miezi mingi, vijidudu wakala pektini na kila kilicho laini, zikabaki nyuzi za kusokotea kamba. Korona hufanya kwa dakika moja yale ambayo pwani hufanya kwa miezi, tofauti ni kwamba pwani haihitaji dizeli.

Walakini uzi wa katani ni ukuta uliokufa, na jani la mche wa mkarafuu halina uzi wa kadiri ile. Jani changa ni laini, laweza kupondwa kwa vidole viwili. Kwa nini basi husimama? Hilo tulilielewa siku ya tatu, juu ya mlima, mbele ya ndiva.

Ndiva ni bwawa la kienyeji la Wapare. Tangu zamani sana watu wa milima ile wamekuwa wakizuia maji ya vijito kwa tuta la mawe na udongo. Jioni huziba mlango, maji hujaa usiku kucha, na asubuhi hufungua yakashuka kwa mfereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ziko nyingi katika vijiji vya upande wa Makanya, kama Vudee na Bangalala, na katika miaka ya karibuni baadhi yake zimejengewa kwa saruji. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo anayesimamia zamu za maji, alituchukua alfajiri, ndiva ikiwa imejaa. Alipiga tuta kwa kisigino, akasema, "Wageni wangu, mwaiona imetulia. Haikutulia hii. Yasukuma." Kisha akatuonyesha mahali ambapo tuta liliwahi kupasuka, na mawe yaliyoviringika mpaka kwenye shamba la mtu.

Seli ya mmea ndivyo ilivyo. Ndani yake mna maji yenye chumvichumvi na sukari. Nje, katika udongo mwema, mna maji matamu. Na maji yana tabia moja isiyobadilika: utando ukiwa katikati, huenda kule kuliko na chumvi nyingi zaidi. Basi maji huingia katika seli, huingia, huingia, na utando hutaka kupasuka. Chembe ya damu ya mtu ukiitia katika maji ya mvua huvimba ikapasuka, kwa sababu haina ukuta. Seli ya mmea haipasuki. Ukuta wake unakaza, unasukuma nao kwa ndani, mpaka nguvu mbili zinalingana. Nguvu hiyo si ndogo; mara nyingi hupita ile ya upepo katika gurudumu la gari, mara mbili, mara tatu, na zaidi. Jani laini husimama kwa nguvu hiyo, kama gurudumu linavyobeba gari, na mpira wenyewe bila upepo ni kitu cha kukunja tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ukuta ni kuzuia nyumba isipasuke, na kazi hiyohiyo ndiyo inayousimamisha mmea. Mtoto akikuuliza kwa nini mchicha hulala mchana na kuamka alfajiri, mwambie kama ndiva: mchana mlango uko wazi, maji yanatoka kwa majani kwenda hewani kupita yanayoingia, usiku hujaa tena. Na mmea ukuapo, mara nyingi ni maji yanayosukuma: seli changa hulegeza ukuta wake kidogo, maji huivuta ikarefuka, kisha hukaza tena. Ndiva ya mawe haiwezi hilo.

Mbuyu nao, ule wa njiani tulioupita, ni mti wa namna yake. Kuta za seli zake ni nyembamba, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, hivi kwamba sehemu kubwa ya kusimama kwake ni kule kujaa. Ndiyo maana tembo wa Mkomazi, hifadhi ile iliyo kaskazini ya milima, huuchimba kwa pembe wakatafuna mti wenyewe. Jaribu kutafuna mvule uone.

Sasa tuje kwenye kachumbari.

Siku ile mama wa nyumba alitukaribisha makande, chakula chao kinachosifika, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja. Hata hapo pana somo, kwa maana alitia magadi kidogo ili yaive upesi, na magadi yafanyacho ni kusaidia kuyeyusha ile pektini inayogandisha kuta, maharage yakalainika. Basi akakata vitunguu na matango, akavitia chumvi, akavifunika, akaendelea na mazungumzo. Baada ya muda alifunua. Vitunguu vilivyokuwa vikivunjika kwa sauti vilikuwa vimelegea kama kitambaa, na chini ya bakuli pamejaa maji ambayo hakuna mtu aliyeyatia. Akakamua, akamwaga.

Mwenzetu yule mwanamke alitazama bakuli, akatutazama sisi, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu katibu, ile mbolea."

Tulinyamaza wote. Chakula kilikuwa kizuri lakini hatukukila sawasawa.

Kwa maana mambo yalikuwa hivi. Siku mbili kabla ya miche kunyauka, ilipatikana mifuko ya mbolea ya yurea. Miche ilikuwa na rangi ya manjano kidogo, na sisi, kwa hamu ya kuwahi msimu, tuliamuru kila mfuko wa mche upewe konzi moja kavu juu ya udongo. Konzi moja! Bwana shamba hakuulizwa. Mzee wa kitalu aliuliza, kama si kikubwa kipimo hiki. Aliambiwa atende alivyoagizwa. Mbolea ile ilipoyeyuka, maji ya udongo yakawa na chumvichumvi kupita maji ya ndani ya mizizi. Tabia ya maji haibadiliki: yakatoka. Utando wa ndani ukajikunja ukaachana na ukuta kama mfuko uliotolewa unga, na ukuta ukabaki umesimama peke yake, mtupu, haushikilii kitu. Mche unanyauka na udongo umelowa. Ndivyo tulivyoona, udongo umelowa, nasi tukaufanya kuwa ushahidi juu ya yule mzee.

Dawa ya jambo hilo, likiwahiwa, ni maji. Kitunguu kilicholegea kwa chumvi, kikitiwa mapema katika maji matamu, hujaa tena, maana utando wake haujafa. Miche yetu ingemiminiwa maji mengi siku ileile, mbolea ingeoshwa ikashuka chini, na huenda mingi ingepona. Mzee alikuwa akimwaga maji. Ndiyo kazi aliyokuwa akifanya tulipomkuta asubuhi ile na mpira mkononi, nasi tukamwambia aufunge.

Tumeandika haya waziwazi kwa sababu barua ya kumsimamisha ilibandikwa kwenye ubao wa chama na kila mtu aliisoma. Haki yataka hii nayo isomwe.

Tuendelee na somo, kwa maana ukuta una kazi nyingine zinazotuhusu.

Mti ukitaka kwenda juu, nguvu ya maji peke yake haitoshi. Basi seli za mti hutia katika kuta zake kitu kigumu kiitwacho lignini, mfano wa saruji katika nondo: selulosi ndiyo nondo, lignini ndiyo saruji. Seli hufa, kuta zikabaki, zikawa mifereji ya kupandisha maji na nguzo za kubeba matawi. Hiyo ndiyo mbao. Juu kabisa ya Upare Kusini, penye kilele cha Shengena, mita 2,462, uko msitu wa Chome, na ndani yake mti uitwao mkulo, wenye harufu ya kamfa, ambao wapasuaji mbao waliufuata kwa miaka mingi, wengi wao kwa wizi. Leo msitu ni hifadhi. Mkulo mkubwa, mkarafuu, na mkonge ni ufundi mmoja, ila kila mmoja umetia saruji kwa kipimo chake.

Kuta hizo si chakula chetu. Mtu hana kitu tumboni cha kuvunja selulosi, na hivyo hupita tu, ingawa kupita kwake kunasaidia tumbo. Ng'ombe na mbuzi wa tambarare za Same wanakula majani makavu wakanenepa kwa sababu wamewapangisha vijidudu katika tumbo lao kubwa, na hao ndio wanaovunja. Mchwa nao vivyo hivyo.

Na kwa nini mbuzi mwenyewe asiwe na kuta? Kwa sababu aweze kutembea. Nyama ya mguu yapaswa kujikunja na kujinyoosha, na seli iliyofungiwa ndani ya ukuta haiwezi. Mnyama amepewa mifupa na maji ya mwili yenye chumvi ya kadiri, ili seli zake zisipasuke. Mti umepewa ukuta ukakaa mahali pamoja. Kila mmoja na riziki yake.

Lakini si mimea tu yenye kuta. Mwani, ule mwekundu ambao kina mama wa Paje na Jambiani walianza kuulima kwa biashara mwaka 1989, una ukuta uliojaa ute uitwao karaginani, ambao hupinda na mawimbi bila kukatika. Ukuta huo ndio unaonunuliwa, ukatiwa katika dawa ya meno na vyakula vya viwandani. Kuvu na uyoga kuta zao ni za kitini, kitu kilekile kilicho katika gamba la kaa na kamba. Na vijidudu vya bakteria wana ukuta wa namna yao, ambao hakuna kiumbe kingine kinachoujenga hivyo.

Hili la bakteria lina faida ya hospitali. Mwaka 1928 huko London, Alexander Fleming aliona kuwa ukungu uliooteana katika sahani yake uliua bakteria walio jirani. Dawa iliyotoka humo ni penisilini. Kazi yake ni kuzuia fundi wa ukuta: bakteria anapokua na kutaka kuongeza ukuta, anakuta haujengeki, maji yanaingia, anapasuka. Mwili wa mtu hauna ukuta wa namna ile, basi dawa haina cha kubomoa kwetu, isipokuwa kwa wale ambao miili yao huikataa. Na kwa sababu hiyohiyo penisilini haifai kitu kwa mafua, maana virusi hawana ukuta, wala kwa malaria, maana mdudu wake hana ukuta wa bakteria. Wafugaji wa Same wanajua jambo jingine: homa ya mapafu ya ng'ombe huletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria ambacho hakina ukuta kabisa, na mtu akimchoma ng'ombe sindano ya penisilini amepoteza fedha zake. Wanachama wanaonunua vidonge dukani kwa kila homa wafikiri hapo.

Sasa kwenye mikarafuu yenyewe. Kuvu na bakteria wakitaka kuingia katika mmea hukutana kwanza na ukuta, na silaha yao ni maji makali ya kuuyeyusha. Tangawizi inayooza shambani ikawa uji ndivyo inavyofanyika: pektini imeyeyushwa, seli zimeachana. Papai bivu nalo hulainika kwa njia hiyo, ila hapo mmea umejiyeyusha wenyewe kwa wakati wake. Kifo cha ghafla cha mikarafuu kilichunguzwa Zanzibar na wataalamu F. J. Nutman na F. M. Roberts, na mapema katika miaka ya 1950 walitangaza kuvu iitwayo Valsa eugeniae, inayoushambulia mti kwa mizizi. Walitangaza na nyingine, inayokausha matawi, na hii aghalabu huingia penye jeraha.

Jeraha ndilo neno la kushika. Gome la mkarafuu ni tabaka la kuta zilizotiwa nta na vitu vigumu, na kuvu hupata taabu kulipita. Lakini mchumaji anayevuta tawi kwa kulivunja ili apate pishi upesi amebomoa tabaka zote kwa mara moja na kuacha mlango wazi. Twajua wachumaji hulipwa kwa pishi na haraka yao ina sababu. Hata hivyo mwenye shamba aliye chini ya mti ana macho. Tawi lililovunjika na likatwe mahali palipo pazima, kwa msumeno mkali, pawe laini, lisiachwe likining'inia na nyuzi zake.

Na juu ya majamvi pia. Karafuu inapoanikwa vizuri hutoka maji, kuta zikabaki, ndiyo maana kichwa chake husimama na umbo halipotei. Mafuta yamekaa katika vifuko chini ya ngozi, na ukiibinya kwa ukucha huonekana. Ikirundikwa mbichi ikapata joto, vijidudu huanza kazi ya kuvunja kuta, ikatoka nyeupe, imekunjamana, nyepesi mkononi. Mpimaji wa kituoni haoni kuta, lakini matokeo yake anayaona, na bei anaishusha.

Mambo ya kitalu yamekwisha kutengenezwa hivi. Kamati ilikutana Jumapili iliyopita. Barua ile imefutwa, na nakala ya kuifuta imebandikwa mahali palepale. Tulikwenda nyumbani kwa mzee watu watatu, tukamweleza habari ya vitunguu, naye alisikiliza mpaka mwisho. Alisema tu kuwa miche ya upande wa mnazi haikufa kwa sababu huko mbolea haikufika, na kwamba alidhani tumeliona. Hatukuliona. Amekubali kurudi baada ya kuvuna mpunga wake. Mshahara wa miezi aliyokaa nyumbani utalipwa kutoka katika fungu la safari.

Tangu sasa mbolea ya dukani haitatiwa kitaluni mpaka bwana shamba apime na mzee wa kitalu akubali. Kwa miche midogo tutatumia samadi iliyooza vizuri. Katika mkutano wa mwezi ujao patakuwa na mabakuli mawili mezani, moja la maji ya chumvi na moja la maji matupu, na vitunguu. Anayetaka kuona kwa macho yake afike mapema. Mzee ameomba chama kimnunulie mpira mpya wa maji, maana ule wa zamani, anasema, umetoboka katikati, nasi tulipoupokea siku ile hatukuutazama.